Wajumbe wa Mkutano Mkuu na Mizani ya Kuwagawa

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, mtu wa kusimamishwa na chama kugombea urais wa Marekani alikuwa akitolewa na wabunge wa chama hicho katika baraza lao la faragha, wala raia hakuwa na neno katika shauri hilo. Mwaka 1831 chama kidogo kilichoundwa kuwapinga Wamasoni kiliita mkutano mkuu wa taifa katika mji wa Baltimore, wajumbe wakaja kutoka majimbo mbalimbali, na mwaka uliofuata wafuasi wa Andrew Jackson wakaiiga kaida hiyo katika mji ule ule. Tangu hapo kila atakaye kupeperusha bendera ya chama sharti awapate wajumbe. Na suala la nani awachague, na kwa mizani gani wagawanywe baina ya wagombea, limezua ugomvi uliodumu vizazi kwa vizazi, ambao katika kila kizazi ulianza kwa mtu au jamaa fulani kulalamika kuwa wamedhulumiwa.

Kwa muda mrefu wajumbe walikuwa mikononi mwa wakubwa wa chama. Ndipo majimbo kadhaa, Oregon likiwa miongoni mwa ya kwanza kwa sheria yake ya mwaka 1910, yakaanzisha kura za mchujo ili raia wenyewe watoe rai yao. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alishinda katika mengi ya majimbo hayo, hata Ohio, nyumbani kwa mpinzani wake, Rais William Howard Taft. Lakini majimbo ya namna hiyo yalikuwa machache, na kamati ya chama cha Republican iliyokaa Chicago kuamua habari ya wajumbe 254 waliobishaniwa ikampa Taft 235 na Roosevelt 19. Roosevelt alijitenga akagombea kwa chama kipya, kura za Republican zikagawanyika, na Woodrow Wilson wa Democratic akatwaa urais.

Malalamiko makubwa kuliko hayo yaliletwa Atlantic City mwezi wa Agosti mwaka 1964. Chama cha Democratic cha Mississippi kilikuwa kimewafungia watu weusi milango ya mikutano yake, nao wakaunda chama chao, wakachagua wajumbe wao, wakaja kudai viti. Fannie Lou Hamer, mkulima wa mashamba ya pamba, aliketi mbele ya kamati ya kukagua hati za wajumbe akaeleza jinsi alivyofukuzwa shambani kwa sababu ya kutaka kujiandikisha kupiga kura, na jinsi alivyopigwa gerezani katika mji wa Winona. Wakapewa viti 2 tu; wakavikataa. Hata hivyo, ushahidi wa mama huyo haukupotea bure, kwani miaka minne baadaye ujumbe wa Mississippi ulioketishwa mkutanoni ulikuwa wa weusi na weupe pamoja.

Mkutano huo wa mwaka 1968, uliofanyika Chicago huku polisi wakiwapiga waandamanaji barabarani, ulimteua Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika kura ya mchujo hata moja. Ghadhabu iliyofuata ilizaa tume iliyoongozwa kwanza na Seneta George McGovern, nayo ikaamuru wajumbe wachaguliwe kwa njia iliyo wazi kwa wanachama wote. Lakini mwaka 1972 California ilikuwa bado ikimpa mshindi kila kitu: McGovern alimzidi Humphrey kwa takriban kura 5 tu katika kila 100, akatwaa wajumbe wote 271. Kamati ikamnyang'anya 151, na mkutano mkuu ukamrudishia. Baada ya hapo chama kikaukataa mtindo huo.

Leo kanuni ya Democratic ni kugawa kwa uwiano wa kura, ila asiyefikia asilimia 15 hapati kitu; na uwiano huo ulitiwa nguvu baada ya Jesse Jackson kulalamika mwaka 1988 kwamba wajumbe wake walikuwa pungufu ya kura alizopata. Hata hivyo, katika wilaya yenye wajumbe 4 na wagombea 2, mwenye kura 60 katika 100 hupata wajumbe 2, na mwenye 40 hupata 2 vilevile, kwa kuwa mjumbe wa tatu hapatikani mpaka zipite kura 62 na nusu. Ilhali katika wilaya ya jirani yenye wajumbe 5, mwenye kura 51 huondoka na 3. Mwaka 2008 Hillary Clinton alishinda kura za mchujo za Texas, lakini Barack Obama akapata wajumbe wengi zaidi jimboni humo, kwa kuwa watu wake waliisoma kanuni wilaya kwa wilaya, wakahudhuria kwa wingi mikutano ya jioni iliyotoa sehemu ya wajumbe. Republican nao huyaachia majimbo uhuru mkubwa zaidi, na mwaka 2016 Donald Trump alitwaa wajumbe wote 99 wa Florida ingawa hakufikia nusu ya kura.

Hakuna mizani hata moja kati ya hizi isiyompendelea mtu fulani. Ipo tu ile iliyotangazwa mapema na kukubaliwa na wote, na ile ibuniwayo baada ya kura kuhesabiwa. Nami naamini ya kwamba raia aijuaye kanuni ya chama chake kabla ya siku ya kura ana ulinzi ambao mwenzake, aliyeiachia wakubwa, hatakuwa nao.