Picha za Njia za Chicago Zilizokaa Gizani

Mji mkubwa huandikiwa vitabu vingi, wala vitabu hivyo havimtaji aliyeuza magazeti pembeni mwa njia, wala mtoto aliyelia mlangoni mwa duka. Watu wa namna hiyo wa mji wa Chicago, nchi ya Marekani, wamehifadhiwa sura zao na mwanamke mmoja aliyekuwa yaya wa watoto wa watu.

Jina lake Vivian Maier. Alizaliwa New York mwaka 1926, mama yake Mfaransa, na sehemu ya utoto wake aliishi Ufaransa, katika milima ya Alps. Mwaka 1951 alirejea New York. Mwaka 1956 akahamia Chicago, akawa mlezi katika nyumba mbalimbali kwa miaka 40 hivi. Siku za mapumziko, na mara nyingi hata akiwa na watoto, alizunguka njiani na kamera kifuani.

Kamera hiyo, aina ya Rolleiflex, yafaa ielezwe. Mwenye kuitumia haiinui mpaka jichoni. Huishika usawa wa kifua au tumbo, akainama kutazama kioo kilicho juu yake. Basi apigwaye picha haoni jicho likimkodolea. Aona mwanamke aliyeinamisha kichwa, kana kwamba atafuta kitu kilichoanguka. Tena, kwa kuwa kamera yatazama kutoka chini kidogo, hata mzee mwenye nguo zilizoraruka hutokea mrefu, mwenye heshima yake. Ukanda mmoja ulitoa picha 12 tu, kwa hiyo hakupiga ovyo: mara nyingi alipiga picha moja ya jambo, akaenda zake. Wamo walevi waliolala mchana, mabibi waliovaa manyoya, vibarua, majengo yaliyokuwa yakibomolewa. Mwenyewe yumo pia. Kivuli chake kimelala majanini, au uso wake waonekana katika kioo cha duka.

Mizigo yake aliiweka katika ghala la kupanga. Uzeeni alishindwa kulipa kodi, na mwaka 2007 mizigo ikanadiwa. Kijana mmoja, John Maloof, aliyetafuta picha za kale za mtaa wa Portage Park apate kuzitia kitabuni, alinunua sanduku kwa dola 380 hivi. Ndani mlikuwa na negativu 30,000 hivi, yaani vile vipande vya ukanda ambamo penye nuru huonekana giza. Lakini kwa kitabu chake hakuona ya kumfaa. Zote pamoja, pamoja na zilizonunuliwa na wengine, zapita 100,000. Mamia ya mikanda haikuwa imesafishwa kamwe, hata yeye aliyepiga picha hizo hakupata kuziona.

Hapa ndipo penye uchungu. Siku ya mnada Bibi Maier alikuwa hai, mumo humo Chicago, mwenye umri wa miaka 81, akikaa katika nyumba aliyolipiwa na ndugu watatu aliowalea zamani. Mwisho wa mwaka 2008 alianguka penye barafu, akaumia kichwa. Akafa tarehe 21 Aprili 2009. Maloof alipolitafuta jina lake alikuta tangazo la kifo lililotoka siku chache tu kabla. Mwaka mzima na zaidi angaliweza kuulizwa: huyu ni nani, hapa ni wapi, mbona hukutuonyesha?

Wako wasemao kwamba alizificha makusudi. Mimi siamini sana. Asiyetaka kitu kionekane hukitupa, naye alizichukua nyumba hata nyumba kwa miaka mingi, wala si mzigo mwepesi. Tena imeonekana barua aliyomwandikia mpiga picha wa Ufaransa, akitaka amchapie picha zake.

Mwaka 2011 zilionyeshwa Chicago, watu wakazijia kwa wingi. Ndipo likaja swali la mali. Kwa sheria ya Marekani, anunuaye ukanda mnadani amepata ukanda. Haki ya kuichapa picha ni ya mpigaji na warithi wake. Bibi Maier hakuzaa mtoto, wala hakuacha wasia. Mwaka 2014 jambo hilo likafika mahakamani, mirathi ikafunguliwa, na warithi wa mwanamke aliyelea watoto wa wengine wakatafutwa hata Ufaransa, kwa binamu wa mbali.