Nyimbo za Wazee na Funguo za Hazina

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Kamembe, wilayani Rusizi, tumezoea kuona lugha zikivuka mto pamoja na mizigo. Asubuhi wachuuzi waja kutoka Bukavu, jioni warudi kwao. Lakini aliyetaka kusikia nyimbo za mababu zetu zilizonaswa zamani alikuwa hana budi kwenda Ulaya.

Mnamo 1907 na 1908 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda, na mtaalamu wake Jan Czekanowski akanasa sauti za watu kwenye silinda za nta. Hizo zilipelekwa Berlin, katika hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900. Baadaye wakaja wengine na mashine za utepe, na mkusanyo mkubwa ukawekwa Tervuren, Ubelgiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Mwaka 2021 makumbusho hayo yaliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za nyimbo zaidi ya 4,000. Tulifurahi, na ilistahili kufurahi.

Hata hivyo, wimbo usioruhusiwa kufasiriwa, kuigizwa wala kutiwa katika mchezo wa shule umehama kabati tu. Twahitaji ruhusa iliyoandikwa waziwazi: nani aweza kuutumia, kwa kazi gani, na jina la mwimbaji litajwe wapi. Hili la mwisho ndilo zito. Katika makusanyo mengi ya zama za ukoloni, jina la mwenye mashine limehifadhiwa vizuri kuliko la mwenye sauti. Wenzetu wa Kenya walionyesha njia katika miaka ya 2010, nyimbo za Wakipsigis alizozinasa Hugh Tracey mwaka 1950 ziliporudishwa vijijini, na baadhi ya waimbaji wakakutwa wangali hai.

Kwetu kuna tatizo jingine, la mipaka. Mkataba wa Brussels wa 1910 uliitia Ijwi katika Kongo ya Wabelgiji. Kisiwa cha Nkombo kikabaki upande huu, na watu wake husema Amashi hadi leo, kama jirani zao wa ng'ambo. Basi orodha zinapopangwa kwa nchi, mtoto wa Nkombo atatafuta sauti ya nyanya yake kwenye rafu gani? Ndiyo maana twasema orodha zenyewe zifunguliwe, tuweze kuzisahihisha.

Hivi karibuni wanafunzi wetu waliufasiri kwa Kiswahili wimbo wa wapiga makasia ulioletwa na mwenzao kutoka kisiwani. Walimsomea bibi yake aliyewapa. Akasikiliza kimya, akasahihisha neno moja la uvuvi, kisha akauliza mbona jina la mama yake, aliyemfundisha wimbo ule, halimo. Tuliandika upya ukurasa wa kwanza.