Paka mwoga: Jinsi ya kumzoesha nyumba na choo

KATIKA vijiji vinavyouzunguka mji wa Tawa, eneo la Mbooni katika Kaunti ya Makueni, paka hafugwi kama pambo. Mavuno ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo wakulima wengi wa Ukambani huzitegemea kuliko zile za Machi, yakishaingia ghalani, panya nao huingia. Magunia ya mahindi, kunde, mbaazi na ndengu hutobolewa, na chakula cha miezi kadhaa huharibika kwa majuma machache. Ndiposa baadhi ya watu huokota paka anayezurura sokoni au karibu na bucha na kumpeleka nyumbani.

Hata hivyo, wema huo mara nyingi huishia pabaya. Paka hujibanza chini ya kitanda, hukataa kula, kisha hujisaidia kwenye nguo au juu ya magunia yale yale aliyoletwa kuyalinda. Baada ya siku chache ama hutoroka, ama hufukuzwa kwa fimbo. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Lakini paka hawi wa nyumba kwa kufungiwa mlango tu. Kujificha na kuchafua nyumba aghalabu ni matunda ya hofu moja, na hofu hiyo huondolewa kwa utaratibu wala si kwa kipigo.

Chanzo cha hofu

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama ambaye bado hupatikana katika nyika za Kenya. Mnyama huyo huwinda peke yake, naye huwindwa na wanyama wakubwa kuliko yeye. Kwa hiyo, anapofikishwa mahali asipopafahamu, jambo la kwanza analotafuta ni maficho.

Aidha, umri una sehemu kubwa katika jambo hili. Mtoto wa paka hujifunza kumwamini binadamu hasa kati ya juma la pili na la saba tangu azaliwe. Aliyekosa kushikwa na watu wakati huo anaweza kuzoea baadaye, lakini huchukua majuma, pengine miezi. Paka mkubwa aliyezaliwa porini na ambaye hajawahi kabisa kukaa na watu huenda asikubali kushikwa maisha yake yote, ijapokuwa anaweza kulinda ghala vyema akipewa chakula na mahali pa kulala.

Chumba kimoja kwanza

Kosa linalofanywa na wengi ni kumwachilia mgeni huyo katika boma zima siku ya kwanza. Inafaa aanzie katika chumba kimoja tulivu kisichofikiwa na mbwa, kuku wala watoto wenye kelele. Humo awekewe katoni iliyolazwa ubavu na kutandikwa kitambaa kikuukuu, maji safi, chakula na beseni la choo. Chakula na maji vikae upande mmoja, choo upande wa pili, kwa kuwa paka hapendi kujisaidia karibu na anapolia chakula.

Asivutwe kutoka mafichoni. Mfugaji aingie kwa wakati ule ule kila siku, aketi chini, azungumze kwa sauti ya chini na asimkodolee macho. Kufumba na kufumbua macho polepole humwonyesha paka kwamba hakuna tishio. Mkono unyooshwe tu pale paka mwenyewe anapokaribia, naye aanze kuguswa shavuni au kidevuni, wala si tumboni. Masikio yaliyolala nyuma, mwili uliojikunyata na mboni zilizopanuka ni dalili kwamba muda wa kumwacha umefika.

Chakula ndicho daraja la urafiki. Ugali mtupu haumtoshi, kwani mwili wa paka huhitaji virutubisho vilivyomo katika nyama na samaki. Omena au mabaki ya nyama yasiyo na kitunguu yanafaa zaidi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuhara huvuruga mafunzo ya choo. Iwapo paka atakaa siku mbili bila kula chochote, daktari wa mifugo aarifiwe, maana kufunga kwa muda mrefu huweza kudhuru ini lake.

Mafunzo ya choo

Kwa asili yake, paka huchimba, hujisaidia kisha hufukia. Mfugaji hana haja ya kumfundisha tendo hilo, bali kumwandalia mahali. Mnamo 1947 Mmarekani Edward Lowe alianza kuuza udongo wa mfinyanzi uliokaushwa kuwa choo cha paka, na hadi leo bidhaa za aina hiyo huuzwa katika maduka makubwa ya mijini. Mkazi wa Tawa hahitaji kuzinunua. Mchanga mkavu wa vijito vya Ukambani unatosha, au maranda ya mbao kutoka kwa seremala, mradi mbao hazikupakwa dawa.

Beseni liwe pana kiasi cha paka kujigeuza ndani yake, na ukingo uwe mfupi ikiwa paka ni mdogo. Mchanga ufike kina cha sentimita tano hivi. Liwekwe pembeni, mahali ambapo paka anaweza kuona anayeingia na kupata njia ya kukimbia. Palipo na paka wawili, mabeseni matatu ni bora, kwa sababu paka mwoga hatathubutu kutumia choo kinacholindwa na mwenzake.

Kinyesi kiondolewe kila siku na mchanga ubadilishwe unapoanza kunuka. Paka akichafua mahali pengine, asipigwe wala pua yake isisuguliwe kwenye uchafu, kama wafanyavyo wengine. Adhabu hiyo humfundisha kumwogopa binadamu na kutafuta maficho zaidi ya kujisaidia. Badala yake, mahali hapo paoshwe kwa sabuni na maji, kisha kwa siki ili harufu iishe. Dawa zenye amonia ziepukwe kwani harufu yake hukaribiana na ya mkojo na huweza kumrudisha pale pale.

Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo si mkaidi. Huenda njia ya mkojo imeziba, na asipotibiwa upesi anaweza kufa.

Afya ya familia

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, na hii ni sababu nyingine ya kusafisha beseni kila siku. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Uchafu ufukiwe mbali na mboga na visima.

Hatari nyingine ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukizwa na kukisambaza. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini Kenya mwaka wa 1912, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanzisha mpango wa kitaifa wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030. Paka achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kama atakavyoelekeza daktari. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwa kuwa zikishajitokeza ugonjwa huua.

Vilevile, dawa za kuogeshea ng'ombe au mbwa ili kuua kupe zisitumiwe kwa paka. Zile zenye permethrin humsababishia mitetemeko na kifo. Vidonge vya paracetamol navyo ni sumu kwake, hata kimoja tu.

Kumfungulia mlango

Baada ya majuma mawili hadi manne, paka anayekula mbele ya watu na kutumia beseni bila kukosea anaweza kuonyeshwa chumba cha pili, kisha ghala, na mwishowe ua. Atolewe nje mara ya kwanza kabla ya kupewa chakula ili njaa imrudishe. Beseni lisogezwe kidogo kidogo kuelekea nje, wala lisiondolewe kwa ghafla.

Inafaa pia ahasiwe. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na huibeba kwa takriban miezi miwili. Asipofungwa uzazi, boma lililompokea paka mmoja laweza kuwa na zaidi ya kumi kabla ya mwaka kuisha, na watakaokosa nafasi watarudi kuzurura sokoni.