Utamu wa chai, jasho la nani?

Wadau, jana mvua inapiga Dar, nikachemsha chai ya viungo: tangawizi, iliki, mdalasini na karafuu mbili tatu. Funda la kwanza tu, nikajikuta nimerudi Unguja. Ile safari ya boti, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, na bibi mmoja wa shamba akinimiminia kikombe. Nikaisifia chai yake. Akaniambia ni tamu kweli, ila waliozipanda hizo karafuu hawakuuona utamu wake.

Nikaanza kufuatilia. Kumbe karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, kule Indonesia. Zililetwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, na enzi za Seyyid Said mashamba yakatapakaa. Waliopalilia na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini sheria ya kufuta utumwa wenyewe ikasubiri hadi 1897. Miaka 24 jamani!

Majina ya masultani tumekaririshwa shuleni. Ya wachumaji je? Hakuna hata moja.

Ndo maana siku hizi funda la kwanza nalinywa kimyakimya. Hilo ni lao.