Ruhembe: Siku Moja Kati ya Miwa na Mlima

Basi la Iringa likisimama Mikumi, wauza miwa hulikimbilia kabla breki hazijashika sawasawa. Miwa imeshamenywa, imekatwa vipande vya urefu wa kidole na kupangwa kwenye vifuko. Abiria ananunua dirishani, anatafuna, anatema kapi, basi linaondoka. Kwa wasafiri wengi wa barabara ile, habari za nchi hii huanzia na kuishia hapo: twiga na tembo wa hifadhini, utamu wa muwa mdomoni, kisha Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, na mlima wa Kitonga.

Lakini palepale Mikumi kuna barabara nyingine inayochepuka kusini, kwenda Kidodi, Kidatu na Ifakara. Hiyo ndiyo njia ya kwenda kwenye muwa wenyewe. Milima ya Vidunda inakusindikiza upande wa magharibi, na chini yake bonde linafunguka hadi Mto Ruaha Mkuu. Ruhembe ni kata ya bonde hilo, katika Wilaya ya Kilosa. Ni nchi ya miwa, mpunga na mahindi. Msimu wa mavuno mashamba huchomwa moto kabla ya kukatwa, na majivu meusi hudondoka kwenye nguo zilizoanikwa, na hakuna anayeshangaa.

Mtu akiniuliza namna ya kuijua Ruhembe kwa siku moja, nitamwambia asianzie kiwandani. Aanzie mlimani, ashuke taratibu, na amalizie kwenye chungu. Historia ya bonde hili ilianza juu ikateremka, na anayeianzia chini atadhani kabla ya sukari hapakuwa na kitu.

Wenzetu wa Italia wamelielewa jambo hili mapema. Miji yao ya kale kama Orvieto, Assisi na San Gimignano imekaa juu ya vilima, na mgeni huletwa kwa siku moja. Anapanda kwa miguu na kiongozi mzaliwa wa pale, anaoneshwa kuta, minara na visima, kisha anakalishwa mezani kula kinacholimwa kwenye mteremko uleule: mafuta ya zeituni, jibini, maharage, mvinyo. Mwaka 1985 nchi hiyo ilitunga sheria ya kumwezesha mkulima kupokea wageni shambani kwake na kuwalisha mazao yake, na bado akahesabika kuwa mkulima. Kwa nini miji ile ilijengwa juu? Kwa sababu mbili kubwa: vita, na homa ya mabondeni. Hata neno malaria tunalolitumia kila siku limetoka kwao, na maana yake ni hewa mbaya. Waliamini mvuke wa mabwawa ndio unaoua. Mbu hawakumjua bado, lakini mlima waliujua.

Wavidunda nao waliujua mlima. Jina lao lenyewe linahusishwa na vilima. Ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama jirani zao Waluguru, Wasagara na Wakaguru, na katika milima hii ndiko koo zao ziliko. Hawakujenga minara ya mawe. Ngome yao ilikuwa mteremko wenyewe, msitu, na njia nyembamba ambayo mgeni hawezi kuipita bila kuonekana. Mtembezi wa leo anayepanda kutokea Kidodi, akisimama kila baada ya hatua mia kuvuta pumzi, anajifunza kwa magoti yake kwa nini watu waliishi huku.

Na sababu za kuishi huku zilikuwa nyingi. Karne ya 19 ilikuwa ngumu kwa watu wa tambarare. Njia za misafara kutoka pwani zilipita nchi hii zikielekea bara, na pamoja na nguo na shanga zikaleta bunduki na biashara ya watumwa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, alivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika, na matope yakawatesa watu na wanyama wake. Sehemu ya mbuga hiyohiyo leo imo katika Hifadhi ya Mikumi, na watalii huipenda kwa sababu kiangazi wanyama huonekana wazi. Kutoka magharibi nako Wahehe walikuwa wakipanua himaya yao chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa, na Vidunda ilikuwa katika njia yao.

Mwishoni mwa Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alifika Msowero, kaskazini mwa wilaya hiihii ya Kilosa, akamtia mtawala wa pale, Mangungo, mkataba mkononi. Kila mtoto wa shule Tanzania amesoma jina hilo, mara nyingi kwa lawama, kana kwamba Mangungo aliiuza nchi huku akijua. Ningependa mgeni wa siku moja aambiwe habari hii akiwa amesimama mlimani, akiitazama Kilosa upande wa kaskazini. Ile ilikuwa karatasi ya lugha ngeni, iliyoletwa na mtu mwenye haraka. Miezi mitatu haikufika, Februari 1885, serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi kwa nchi zilizotajwa kwenye mikataba ya Peters, Usagara ikiwemo. Ndivyo ukoloni wa Kijerumani ulivyoingia katika nchi yetu, na mlango wake mmojawapo ulikuwa hapa.

Haukuingia kimya kimya. Mwaka 1892, mwaka mmoja baada ya kuwashinda Wajerumani Lugalo, Wahehe walikishambulia kituo cha Kijerumani cha Kondoa, karibu na Kilosa, wakakiangamiza. Mwaka 1905 Vita ya Maji Maji, iliyoanzia Umatumbi, ilipanda bonde la Kilombero na kufika Vidunda na Usagara. Watu wa mlimani wakaingia vitani, na baada ya risasi ikafuata njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Kisha Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali van Deventer yakaingia Kilosa, yakashika njia ya kusini kuwafukuza Wajerumani kuelekea Kidodi na Ruaha. Walioibeba mizigo ya vita ile ni Waafrika, na wengi wao hawakurudi makwao. Vita tatu kubwa zilipita chini ya milima hii kwa muda usiozidi miaka 25. Anayejua hayo hatauliza tena kwa nini vijiji vilikaa juu.

Basi tuteremke.

Kilichowashusha watu hakikuwa kitu kimoja. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Kilosa ikawa mji wa stesheni na wa mkonge. Miaka ya 1960 tawi la reli lilishuka kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mwaka 1964 Mikumi ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na baadaye ikapanuliwa hadi eneo lake la sasa la kilomita za mraba 3,230. Reli ya Uhuru ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ilipita Kidatu, lakini njia yake ni pana kuliko ya Reli ya Kati, kwa hiyo mizigo ya njia moja hulazimika kuhamishwa ili ipite kwenye nyingine. Mwaka 1975 bwawa la umeme la Kidatu lilianza kazi, na baadaye uwezo wake ukafika megawati 204. Kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam ziliwaka kwa maji ya Ruaha hii.

Katikati ya hayo yote ndipo ikaja sukari. Kampuni ya Sukari ya Kilombero iliyaanza mashamba yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kiwanda cha kwanza, cha Msolwa, kikajengwa ng'ambo ya kusini ya Ruaha. Cha pili, kilichopewa jina la Ruembe, kikaanza mwaka 1976 upande huu wa Kilosa. Mwaka 1998 serikali iliuza hisa nyingi za kampuni kwa wawekezaji wa nje na kubakiwa na asilimia 25. Lakini historia ya sukari ya hapa si ya kiwanda peke yake. Ni ya maelfu ya wakulima wadogo wanaolima miwa kwenye mashamba yao na kuipeleka kiwandani, wale wanaoitwa wakulima wa nje. Ruhembe ni nchi yao. Ada ya shule, bati la nyumba, mahari, pikipiki: vyote huhesabiwa kwa tani za miwa. Muwa uliochomwa haungoji, kwa sababu kila siku inayopita utamu wake unapungua. Kwa hiyo gari likichelewa kuja shambani, mkulima halali.

Kwa ajili ya kazi hiyo watu walikuja kutoka kila upande: Wahehe, Wabena, Wangoni, Wapogoro, Waluguru, Wanyakyusa. Wavidunda nao walishuka, kwanza vijana kwa vibarua, kisha kaya nzima. Bonde lililoogopwa na mababu likawa mahali pa kutafuta maisha. Kiswahili kikawa lugha ya kazini na ya nyumbani, na mlima ukabaki na wazee, na mashamba ya maharage na ndizi.

Ndiyo maana nasema siku hii iishie kwenye chungu, kwani chungu ndicho kilichokusanya yote bila kuacha kitu. Kaa jikoni kwa mama wa Ruhembe utazame. Kisamvu kinatwangwa kwenye kinu, mchi ukipanda na kushuka kwa mapigo yasiyobadilika, mpaka majani yashikane na maji yake yageuke kijani kizito. Kinainjikwa juu ya mafiga matatu bila mafuta, kinachemshwa hadi ule ukali uishe, na hapa hakuna mkato, kwani kisamvu kibichi kina sumu. Ndipo zinamiminwa karanga zilizopondwa, na mwiko unakaa mkononi ili kisishike chini. Pembeni kuna perege wa mtoni aliyekaushwa kwa moshi, ngozi yake imekunjamana na kuwa rangi ya shaba. Kuna maharage yaliyoteremshwa kutoka mlimani kwenye gunia, na wali wa bondeni unaonukia kabla kifuniko hakijafunuliwa.

Ukila hapo, kila tonge lina asili yake. Muhogo uliotoa kisamvu ulivuka bahari kutoka Amerika, ukaingia bara kwa njia zilezile zilizopita misafara. Mchele umepanda na bonde la Kilombero. Maharage ni ya mlimani, ya wale waliokimbia vita. Na mwishoni inaletwa chai, na sukari ndani yake. Sukari ndiyo mgeni wa mwisho kufika mkekani, japo ndiyo iliyolipa jina bonde zima. Zamani kilichotiwa vinywani kwa utamu kilikuwa asali. Mpishi hatakueleza hayo kwa miaka na tarehe. Atakwambia tu, "Kula, mwanangu, usione haya." Lakini yamo.

Matembezi ya namna hii si ndoto. Ng'ambo ya Ruaha, katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, hakuna barabara ya gari ndani ya hifadhi. Mgeni hupanda kwa miguu na mwongoza watalii hadi maporomoko ya Sanje, yanayoanguka takribani meta 170, na jioni anarudi. Na katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii pamoja na shirika la SNV la Uholanzi walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni unaowapeleka wageni vijijini, kwa wenyeji wenyewe. Hata kule Tosamaganga, Iringa, kilima chenye kanisa na majengo yaliyolelewa na wamisionari Waitalia wa Consolata kuanzia mwaka 1919, wageni hupanda kuona. Kwa nini basi wapite Mikumi kila siku bila hata mmoja kuinua macho kuitazama Vidunda?

Yapo masharti ambayo mimi siwezi kuyaacha. Kiongozi awe mtoto wa pale, aliyekaa miguuni pa bibi yake akasikia majina ya miteremko, mapango na vijito, maana majina hayo hayamo kwenye ramani yoyote, na mwenye kuyajua akiondoka yanaondoka naye. Mgeni apige hodi kwa wazee kabla ya kupiga picha, aseme shikamoo, asubiri marahaba. Makaburi na misitu ya mizimu isiguswe kwa ajili ya kumfurahisha mtu wa siku moja. Na fedha ibaki kijijini, ionekane kwenye shule na kwenye ile njia ya kupanda mlimani ambayo masika huigeuza kuwa mto.

Kijana wa Ruhembe leo anajua bei ya tani ya miwa kuliko anavyojua mahali babu wa mama yake alipojificha mwaka 1905. Simlaumu, kwani bei ya tani ndiyo inayomlisha. Lakini habari za mlima nazo zikimlisha, atapanda kuziuliza kwa wazee wakiwa bado hai, ataziandika, atazisimulia vizuri. Na yule mama aliyetwanga kisamvu tangu asubuhi alipwe kama mwalimu anavyolipwa, kwa sababu somo la siku nzima yeye ndiye aliyelimalizia.