Mwamuzi na Maslahi Yake: Kutoka Azimio la Arusha hadi Ofisi ya Mdhibiti

Watu wetu wakitaka kueleza hukumu isiyotumainiwa husema kwamba kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Usemi huo haumwiti ngedere mjinga, wala haudai kwamba amekwisha kula rushwa. Kasoro iko katika udugu wake na mshitakiwa: hata akiamua kwa haki, mwenye shamba hatamwamini. Jambo hili ndilo tunaloliita mgongano wa maslahi, na historia ya Tanzania inatuonyesha njia mbili za kulikabili.

Njia ya kwanza ilikuwa kukataza. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio lake likatangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Masharti ya uongozi yaliyomo yalikuwa machache na wazi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni; asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari; asipokee mishahara miwili au zaidi; asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yaliwahusu mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika ya umma na wengineo, pamoja na wake zao au waume zao. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kuunda kamati ya kusimamia utekelezaji wake.

Tukiyatazama leo, tunaona kwamba nguvu ya masharti hayo ilikuwa katika wepesi wake wa kueleweka. Mwananchi hakuhitaji kuwa mwanasheria ili ajue kama nyumba ya kiongozi ina mpangaji. Lakini si maslahi yote yanayoonekana barabarani kama nyumba. Hati ya hisa hukaa kabatini, na mali huweza kuandikwa jina la ndugu.

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti hayo. Kiongozi aliruhusiwa kununua hisa, kupangisha nyumba na kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Ndipo ikaja njia ya pili, yaani kutangaza. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilimtaka kiongozi atoe tamko la maandishi la mali na madeni yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wao walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa.

Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilianza kubinafsisha mashirika yake. Ilipokwisha kuziachia kampuni binafsi sehemu ya huduma, ilihitaji mwamuzi kati ya muuzaji na mnunuzi. Hivyo zikatungwa sheria za wadhibiti: ile ya nishati na maji mwaka 2001, na ile ya mawasiliano mwaka 2003. Sheria hizo zinamwagiza mjumbe au mtumishi mwenye maslahi katika shauri lililo mezani ayatangaze mara moja, kisha ajiepushe kushiriki katika uamuzi.

Tuchukue mfano. Bodi inakaa kupanga bei kikomo ya mafuta, na mjumbe mmoja ana hisa katika kampuni inayoyaagiza. Senti chache katika kila lita ni faida kubwa kwake, lakini ni mzigo kwa mwenye daladala na kwa mama anayewasha kibatari. Kusema tu kwamba ana hisa hakutoshi iwapo baadaye anabaki kitini na kupiga kura. Sharti atoke, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Katazo lilitegemea macho ya majirani. Tamko linategemea msomaji. Karatasi iliyojazwa, ikafungiwa katika jalada asilolisoma mtu, haimzuii yeyote. Kwa hiyo tusidhani kwamba njia ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza. Inadai watumishi wanaohakiki, wenyeviti wanaothubutu kuuliza kabla ya kikao, na wananchi wanaojua kwamba wana haki ya kuuliza. Shule zetu zinaweza kuwalea watu wa namna hiyo, kuanzia kwa kiranja anayekataa kuhesabu kura za uchaguzi ambao yeye mwenyewe ni mgombea.