Redio za miji midogo Marekani: zilivyouzwa hadi studio zikabaki tupu

Kwa zaidi ya miaka 40, yeyote aliyetaka kununua kituo cha redio nchini Marekani aliulizwa kwanza na serikali: tayari unavyo vingapi? Kuanzia 1953, mmiliki mmoja hakuruhusiwa kuzidisha vituo 7 vya AM na 7 vya FM katika nchi nzima. Katikati ya miaka ya 1980 idadi hiyo ilipandishwa hadi 12 kwa 12, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafika 18 kisha 20. Halafu, Februari 8, 1996, Rais Bill Clinton akatia saini Sheria ya Mawasiliano, na kikomo cha nchi nzima kikaondolewa. Mengi yaliyozipata redio za miji midogo baadaye yanatokana na saini ile, nami ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kikomo hicho hakikupaswa kuguswa.

Redio hizo zilizaliwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1945 vituo vya AM havikufika 1,000. Kufikia 1950 vilikuwa vimepita 2,000. Vingi vilipewa wati 250 tu, katika masafa sita yaliyotengwa kwa ajili ya vituo vya mjini: 1230, 1240, 1340, 1400, 1450 na 1490. Mchana sauti ilifika hadi mashambani. Usiku mawimbi ya kati husafiri mbali, kwa hiyo vituo vilivyogawana masafa hayo viligongana hewani, na ukitoka nje kidogo ya mji ulisikia mvumo na makelele matupu.

Mara nyingi mmiliki mwenyewe ndiye aliyefungua studio alfajiri. Alisoma bei za mahindi na nguruwe, mchana akazunguka madukani kutafuta matangazo ya biashara, jioni akabeba vyombo vyake kwenda kutangaza mpira wa shule ya sekondari. Kulikuwa na matangazo ya vifo, kama yale ambayo wasikilizaji wa Radio Tanzania na KBC waliyajua vizuri. Kulikuwa pia na kipindi cha kupiga simu kuuza na kununua: huyu ana trekta kuukuu, yule anatafuta friji, mwingine anagawa bure watoto wa paka. Muziki ulichanganywa, wa wazee na wa vijana, wa kanisani na wa dansi, kwa kuwa mji ulikuwa na watu wa kila namna na redio ilikuwa moja.

Mfano ninaoupenda uko Helena, Arkansas, kando ya Mto Mississippi. Kituo cha KFFA kilianza hapo 1941, na herufi zake tatu za mwisho zilitokana na majina ya waanzilishi, Floyd, Franklin na Anderson. Novemba mwaka huohuo, Sonny Boy Williamson, mpiga kinanda cha mdomo, na Robert Lockwood Jr., mpiga gitaa, walianza kupiga blues mubashara katika studio ile. Waliofadhili ni Interstate Grocer, kampuni ya vyakula iliyouza unga wa ngano wa King Biscuit, na kipindi kikaitwa King Biscuit Time. Kilirushwa saa 6:15 mchana, wakati vibarua wa mashamba ya pamba wakiwa wamekaa kula. Unga ulinunuliwa hata kampuni ikatoa na unga wa mahindi wenye jina la Sonny Boy na picha yake kwenye mfuko.

Sisemi kwamba wamiliki wa mjini walikuwa malaika. Arkansas ya wakati ule ilikuwa ya ubaguzi wa rangi kisheria, wenye leseni walikuwa Wazungu, na sehemu nyingi mwenye redio alikuwa rafiki wa meya na wa mkuu wa polisi. Lakini uamuzi wa kuwaweka hewani wanamuziki Weusi ulifanywa na wafanyabiashara wa Helena yenyewe, waliojua kwa macho yao nani anaingia dukani kununua unga. Hawakuhitaji idhini ya makao makuu yaliyo jimbo jingine.

Memphis, ukiufuata mto kuelekea kaskazini, mambo yalikwenda mbali zaidi. WDIA ilianza 1947 ikapiga muziki uleule wa washindani wake, na wateja hawakuja. Oktoba 1948 wamiliki wake wawili, Bert Ferguson na John Pepper, walimweka hewani Nat D. Williams, mwalimu wa historia na mwandishi wa safu ya gazeti, kisha hatua kwa hatua wakabadilisha vipindi vyote kuwahudumia wasikilizaji Weusi. B.B. King alifanya kazi pale kama mtangazaji kabla dunia haijamfahamu. Mwaka 1954 kituo hicho kilipandishwa hadi wati 50,000. Nikisikia watu wakisema kwamba kubadili mtindo wa vipindi ni uhaini kwa wasikilizaji, huwatajia WDIA. Kuna mabadiliko yaliyofanywa na watu wanaokutana na wasikilizaji wao barabarani, na kuna yale yanayofika kwa barua kutoka ofisi ya mbali.

Aina hii ya pili iliingia kwa nguvu katika miaka ya 1980. Zamani aliyenunua kituo alilazimika kukaa nacho miaka mitatu kabla ya kukiuza. Sharti hilo liliondolewa 1982, na leseni ikaanza kuuzwa na kununuliwa kama kiwanja. Mwaka uliofuata Tume ya Mawasiliano, FCC, ilifungua njia kwa mamia ya nafasi mpya za FM, nyingi katika miji midogo ambayo soko lake la matangazo halikuongezeka hata senti. Vituo vikawa vingi, chakula kikawa kilekile.

Wakati huohuo setilaiti ikaleta njia ya kupunguza gharama. Kampuni ya Satellite Music Network ya Dallas ilianza 1981 kuuza muziki na watangazaji kwa saa 24. Kituo kiliweka dishi uani, na watangazaji wake wakapungua au wakaachishwa. Mtangazaji wa Dallas hakutaja mji wowote, na alitaja dakika bila kutaja saa, kwa sababu alisikika katika kanda kadhaa za saa kwa pamoja. Alipomaliza kuongea, ishara isiyosikika na msikilizaji ilitumwa, na mashine ya kituo cha mjini ikacheza jina la kituo na tangazo la duka la vyuma la pale. Kwa mwenye kituo aliyekuwa akipata hasara, ile ilikuwa nafuu ya kweli, na simlaumu. Ila kuanzia hapo studio iliweza kufanya kazi bila mtu ndani.

Kisha ikaja 1996. Sheria mpya iliacha vikomo vya sokoni tu: vituo 8 katika masoko makubwa kabisa, na katika soko la vituo 14 au pungufu, hadi 5, mradi visizidi nusu ya vyote. Mwaka ule nchi ilikuwa na wamiliki wa redio zaidi ya 5,000. Ndani ya miaka sita, theluthi moja yao walikuwa wametoweka. Wengi waliuza kwa hiari. Walikuwa wamezeeka, watoto wao hawakuitaka kazi ya kuamka saa kumi alfajiri, na bei walizotajiwa hawakuwahi kuziota.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa Clear Channel, kampuni iliyoanzia San Antonio, Texas, 1972, Lowry Mays na Red McCombs waliponunua kituo kimoja cha FM. Kabla ya sheria ilikuwa na vituo 40 hivi. Miaka michache baadaye vilikuwa 1,200. Mzigo wa namna hiyo haubebeki bila mashine, na mashine ikatoka mji mdogo: kampuni ya Prophet Systems ya Ogallala, Nebraska, ilitengeneza programu iliyomwezesha mtangazaji kurekodi zamu nzima ya saa nne kwa muda mfupi. Alirekodi maneno ya katikati ya nyimbo tu, kompyuta ikapanga yaliyobaki. Mtu mmoja aliweza kuwa mtangazaji wa asubuhi katika miji kadhaa ambayo hajawahi kukanyaga, akisoma kwenye karatasi jina la mtaa au la tamasha la wiki ile.

Mabadiliko ya mtindo yakawa ya haraka. Ijumaa kituo kinapiga muziki wa country. Wikiendi kinarudia wimbo mmoja saa baada ya saa ili mji uulizane kuna nini. Jumatatu kina jina jipya, herufi mpya na nyimbo za rock za miaka ya 1970, na mtangazaji aliyesoma matangazo ya vifo kwa miaka 20 hayupo, wala hakupewa nafasi ya kuaga.

Madhara ya haya yote yalijadiliwa sana katika mikutano, lakini Minot, North Dakota, yalikuja usiku. Ulikuwa mji wa watu wapatao 36,000, na vituo vyote sita vya biashara vilikuwa vya Clear Channel. Iliwezekanaje, wakati sheria ilikuwa na vikomo? FCC ilihesabu soko kwa kuchora maeneo yanayofikiwa na mawimbi na kuangalia yanapopishana, kwa hiyo katika nyanda zile tambarare, ambako mawimbi husafiri mbali, vituo vya miji mingine viliingia kwenye hesabu na soko likaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa.

Saa saba na dakika 37 usiku wa Januari 18, 2002, treni ya Canadian Pacific iliacha reli nje kidogo ya mji. Mabehewa 31 yalianguka, na matangi matano yaliyobeba amonia, inayotumika kama mbolea mashambani, yalipasuka papo hapo. Zaidi ya lita 550,000 zilimwagika, na wingu jeupe likatambaa juu ya makazi ya watu. Nje kulikuwa na baridi ya zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Watu waliamshwa na kishindo, kisha na harufu iliyochoma macho na koo, na wengi hawakujua kama wakimbie au wafunge milango wakae ndani. Walifanya kile walichofundishwa tangu utoto: wakawasha redio. Wakasikia muziki.

Polisi walipiga simu KCJB, kituo kilichotengwa kwa tahadhari za dharura, na hawakumpata mtu. Baadaye kampuni ilieleza kwamba kulikuwa na mfanyakazi kituoni, kwamba simu zilizidiwa na wapigaji, na kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mfumo wa tahadhari ambao ungeingia hewani bila kumhitaji mtangazaji. Ni kweli kwamba mfumo huo haukufanya kazi usiku ule, na haki inataka hilo lisemwe. Lakini mfumo ukishindwa, anayebaki ni mtu aliyeko studio, na kwa mji mzima kampuni ilikuwa moja. Kama vituo sita vingekuwa na wenyewe sita, simu ya pili ingepigwa kwingine. Mwanamume mmoja alikufa akijaribu kukimbia gesi ile. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 300.

Seneta Byron Dorgan wa North Dakota aliufikisha mkasa huo bungeni Washington, na ukawa hoja kuu ya waliopinga mpango wa FCC wa 2003 wa kulegeza zaidi masharti ya umiliki. Mahakama ilizuia sehemu kubwa ya mpango huo mwaka uliofuata.

Kampuni kubwa nazo hazikustawi kwa ukubwa wao. Novemba 2006 Clear Channel ilitangaza kuuza vituo 448 kwa mkupuo, vyote vikiwa nje ya masoko 100 makubwa ya nchi. Miji ambayo ilikuwa imenunuliwa kwa shauku ikawa ziada. Mwaka 2008 kampuni ilichukuliwa na wawekezaji wa Bain Capital na Thomas H. Lee kwa mikopo mizito, ikabadili jina kuwa iHeartMedia 2014, na Machi 2018 ikaomba hifadhi ya kufilisika ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Cumulus, iliyojijenga kwa kununua redio za miji midogo na ya kati, ilikuwa imetangulia mahakamani miezi michache kabla. Deni la kiasi hicho hulipwa kwa mishahara ya watangazaji. Na Oktoba 2017, kwa kura 3 dhidi ya 2, FCC ilifuta sharti lenye umri wa karibu miaka 80 lililokitaka kila kituo kiwe na studio ndani au karibu na mji kinaouhudumia.

Vituo vingi vilivyoshindwa vimeishia mikononi mwa Educational Media Foundation, shirika la Kikristo lenye mtandao wa K-LOVE, ambalo hurusha vipindi vilevile nchi nzima. Wapo wanaofarijika na nyimbo zake, na faraja hiyo siidharau. Ila mji uliopoteza redio yake ukapata K-LOVE hauwezi kuitumia kutangaza msiba wa jirani.

Upande mwingine, Januari 2000 FCC ilianzisha leseni za FM zenye nguvu ndogo, wati 100, kwa vikundi visivyo vya biashara. Wenye redio kubwa walilalamika kwamba vituo hivyo vidogo vitaingilia masafa yao, na Bunge likavibana kabla ya mwaka kwisha. Utafiti wa kiufundi ulioagizwa na Bunge lenyewe uliona hofu hiyo haina msingi, lakini sheria ya kulegeza kamba haikusainiwa hadi Januari 2011. Katika kipindi hicho cha kusubiri, kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya Mississippi, Agosti 2005. Bay St. Louis ilibaki bila umeme wala simu, na vituo vikubwa vya eneo lile vikanyamaza karibu vyote. WQRZ, kituo cha wati 100 cha pale mjini, kiliendelea kutangaza, kisha mitambo yake ikahamishiwa kwenye kituo cha dharura cha kaunti, ambako maofisa waliitumia kuwaambia watu wapi pa kupata maji, barafu na chakula.

Desemba 2023 FCC ilifungua tena dirisha la maombi ya leseni hizo. Mwombaji hutakiwa kuwa chama au taasisi iliyo karibu na mahali anapotaka kutangaza, haruhusiwi kuwa na hisa katika redio ya biashara, na dirisha lilidumu siku chache tu.